Kinyama kwanza, dawa baadaye: kisa cha mgonjwa wa saratani ya GIST wa Helsinki

Oktoba 1996 mwanamke wa miaka 50, mzima wa afya hadi wakati huo, alifika hospitali nchini Ufini akisema tumbo halimkai sawa. Alipopimwa akakutwa na uvimbe mkubwa upande wa juu wa tumbo. Upasuaji ulitoa mavimbe mawili kwenye tumbo la chakula, moja la sentimita 6.5 na jingine la sentimita 10, pamoja na vivimbe vilivyokwisha kujipandikiza kwenye utando wa mafuta. Februari 1998 ugonjwa ulirudi, safari hii kwenye ini. Akapasuliwa tena. Akapewa mizunguko saba ya kemo yenye doksorubisini, ifosfamidi na dakabazini, haikusaidia kitu. Akajaribiwa thalidomaidi na interferoni, vilevile. Mwanzoni mwa mwaka 2000 mavimbe ya ini yalikuwa yanaendelea kukua na hakuna tiba yoyote inayojulikana iliyokuwa imebaki.

Machi 2000 alianza kumeza kapsuli nne za miligramu 100 kila siku, dawa ambayo bado ilikuwa na namba tu: STI571. Baada ya mwezi mmoja kipimo cha MRI kilionyesha kuwa mavimbe makubwa ya ini yamepungua kwa asilimia 52. Baada ya miezi minane ya dawa yalikuwa yamepungua kwa asilimia 75. Kipimo cha PET, kinachoonyesha sehemu zinazokula sukari nyingi mwilini, kilizimika kwenye mavimbe ndani ya mwezi wa kwanza. Madhara yalikuwa kichefuchefu kidogo na kwenda choo mara nyingi zaidi. Kisa chake kilichapishwa Aprili 2001 katika jarida la New England Journal of Medicine na timu ya Profesa Heikki Joensuu wa Helsinki.

Kisa hiki husimuliwa sana kama muujiza: mtu aliyekata tamaa akapewa kidonge kipya akapona. Masimulizi hayo yana makosa mawili. Hakupona, bali ugonjwa ulidhibitiwa. Na kidonge hakikuokotwa tu. Kilichofanya kazi ni hatua iliyotangulia kidonge, yaani kukichunguza kinyama chake, kile kipande cha uvimbe kilichotolewa mwilini, na kujua hasa kilichoharibika ndani ya seli zake. Mgonjwa wa leo anayeulizia majaribio ya dawa, awe Tampere au Tabora, akiiruka hatua hiyo anaanza safari kwa kurudi nyuma.

GIST ni saratani ya ukuta wa njia ya chakula. Haitoki kwenye ngozi laini ya ndani kama saratani nyingi za tumbo na utumbo, bali hufanana na seli za Cajal, zile zinazoupa utumbo mdundo wake wa kusukuma chakula. Zaidi ya nusu huota kwenye tumbo la chakula, na nyingi ya zilizobaki kwenye utumbo mwembamba. Ni nadra: wagonjwa wapya 10 hadi 15 kwa kila watu milioni 1 kwa mwaka. Kwa miaka mingi ripoti za patholojia ziliiita saratani ya misuli laini, ikatibiwa hivyo, na kemo haikuigusa. Mwaka 1998 kundi la Seiichi Hirota huko Japani lilionyesha kwenye jarida la Science kwamba seli za GIST zina hitilafu katika jeni iitwayo KIT. Jeni hiyo hutengeneza kipokezi kilicho juu ya seli, mfano wa swichi. Swichi nzima huwaka pale seli inapoitwa kugawanyika, kisha huzimika. Ile yenye hitilafu imekwama kwenye kuwaka.

STI571 ilikuwa imebuniwa kuzima swichi nyingine, ile ya saratani ya damu aina ya CML, na wagonjwa wa CML walianza kuijaribu Marekani mwaka 1998 chini ya Brian Druker. Maabara ilionyesha kuwa dawa hiyohiyo huizima KIT pia. Joensuu, akishirikiana na George Demetri wa taasisi ya saratani ya Dana-Farber kule Boston, aliomba kampuni ya Novartis iruhusu itumike kwa mgonjwa mmoja. Seli za mwanamke huyu zilikuwa na KIT tele zilipotiwa rangi, na jeni yake ilipopimwa ilikutwa imepoteza kipande kwenye eksoni ya 11, mojawapo ya sehemu za jeni hiyo. Ufunguo ulikuwa wa kitasa hicho.

Je, mgonjwa mmoja anathibitisha nini? Kwa kawaida kidogo sana. Hapa uzito ulikuwepo kwa sababu GIST iliyosambaa haina tabia ya kusinyaa yenyewe, na mgonjwa huyu alikuwa na zaidi ya miaka mitatu ya picha zinazoonyesha ugonjwa ukipanda bila kusita. Hata hivyo hakuna aliyesajili dawa kwa ushahidi huo. Julai 2000 lilianza jaribio la B2222, lenye wagonjwa 147 Marekani na Ufini, nusu wakimeza miligramu 400 na nusu 600. Hakuna aliyepewa kidonge kitupu, yaani kisicho na dawa ndani. Matokeo ya mwaka 2002 yalisema hivi: karibu asilimia 54 mavimbe yao yalipungua vya kutosha kuhesabiwa, asilimia 28 ugonjwa ulisimama, na karibu asilimia 14 dawa haikuwashika tangu mwanzo. Februari 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani iliisajili kwa GIST. Ni chini ya miaka miwili tangu kapsuli ya kwanza ya Helsinki, mwendo ambao ni nadra kuonekana kwenye dawa za saratani.

Wale asilimia 14 ndio wanaofaa kuangaliwa kwa makini. Vinyama vyao viliporudiwa, jibu likaonekana kwenye aina ya hitilafu. Mwenye hitilafu ya KIT kwenye eksoni ya 11, kama yule wa Helsinki, ndiye anayefaidika zaidi, na miligramu 400 kwa siku humtosha. Mwenye hitilafu kwenye eksoni ya 9, ambayo hupatikana zaidi kwenye GIST za utumbo mwembamba, hukaa muda mrefu zaidi bila ugonjwa kukua akipewa miligramu 800, yaani 400 asubuhi na 400 jioni, ingawa kwa tumbo la watu wengi dozi hiyo ni nzito na huanzwa kwa kupandishwa taratibu. Halafu kuna jeni jirani, PDGFRA, yenye hitilafu iitwayo D842V: kwa hitilafu hii imatinibu, ndilo jina ambalo STI571 ilipewa baadaye, haifanyi kazi kabisa. Mgonjwa huyo anaweza kuimeza mwaka mzima akaambulia kuvimba macho tu. Dawa yake ni avapritinibu, iliyosajiliwa Marekani Januari 2020. Na kuna GIST za vijana, nyingi zikiwa za tumbo la chakula, ambazo KIT na PDGFRA zao ni nzima lakini kimeng'enya cha SDH kimepotea. Nazo imatinibu huzisaidia kwa nadra sana, na hapo familia nayo hufaa kupimwa kwa sababu kasoro hiyo inaweza kurithiwa.

Kwa hiyo mgonjwa anapouliza "Kuna jaribio gani linalopokea watu?", swali lenyewe bado halijakamilika. Jaribio la eksoni ya 11 halimfai mwenye D842V, na karibu kila jaribio la GIST la sasa litataka karatasi ya jeni kabla ya kufungua mlango.

Karatasi hiyo hutoka kwenye kinyama, na kinyama ndicho huharibika kabla ya kitu kingine chochote. Uvimbe ukitoka chumba cha upasuaji unatakiwa kuingia kwenye fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa kwa chumvi za bafa, si fomalini iliyochanganywa na maji ya bomba kwa kukadiria. Fomalini iwe mara 10 ya ujazo wa nyama. Uvimbe wa sentimita 10 usitumbukizwe mzima kwenye ndoo na kufunikwa, kwa sababu fomalini hupenya karibu milimita 1 kwa saa: katikati kutaoza huku juu kukionekana sawa. Ukatwe vipande kama mkate. Baada ya siku moja au mbili uhamishiwe kwenye nta, upate bloku. Kinyama kilichosahauliwa ndani ya fomalini wiki tatu kwa sababu malipo ya patholojia hayajakamilika bado kinaweza kutiwa rangi na kusomwa kwa hadubini, lakini DNA yake huwa imekatikakatika, na kipimo cha jeni kitarudi na neno "haikuwezekana". Hapo hakuna rufaa. Ni kutoboa upya.

Kutoboa upya kuna hatari yake. GIST ni laini, ina damu nyingi, na ikipasuka ndani ya tumbo humwaga mbegu. Ndiyo maana kwa uvimbe ambao haujasambaa madaktari wenye uzoefu hupendelea kuchukua kinyama kwa endoskopi yenye ultrasaundi, sindano ikipitia ndani ya tumbo la chakula, kuliko kuichoma kupitia ngozi. Kama uvimbe unatolewa wote kwa urahisi, wakati mwingine hutolewa moja kwa moja. Kwa mavimbe ya ini yaliyokwisha kusambaa, sindano ya ngozi haina neno.

Ripoti inayofaa haiishii kwenye "GIST". Iseme uvimbe ulikuwa wapi, ukubwa kwa sentimita, idadi ya seli zinazogawanyika kwenye eneo la milimita mraba 5, kama ganda lilipasuka, na matokeo ya rangi za CD117 na DOG1, zinazoitambulisha GIST kwenye hadubini. Namba ya bloku iandikwe, na mgonjwa ainakili kwenye daftari lake. Wengi hubaki na karatasi ya ripoti tu wakidhani ndiyo sampuli. Maabara ya jeni haihitaji karatasi. Inahitaji bloku yenyewe, au slaidi karibu 10 zilizokatwa nyembamba bila kutiwa rangi, zikiwa na seli za saratani za kutosha. Bloku ni ya matibabu ya mgonjwa, na kuiomba kwa barua ya daktari si jambo la kuona haya.

Tukirudi kwa yule wa Helsinki: yeye hakuwekwa kwenye kundi la kulinganisha kwa sababu alikuwa peke yake. Wengi wa waliofuata kwenye majaribio ya dawa za baadaye hawakuwa na bahati hiyo, na hofu ya kidonge kitupu ndiyo huzungumzwa kuliko zote pale wagonjwa wa GIST wanapokutana. Hofu hiyo ina msingi, ila ipimwe kwa mpangilio halisi wa kila jaribio. Sunitinibu, dawa ya pili baada ya imatinibu kushindwa, ilijaribiwa kwa wagonjwa 312, wawili wakipata dawa kwa kila mmoja aliyepata kidonge kitupu. Ugonjwa ulichukua wiki 27.3 kabla ya kukua upande wa dawa, na wiki 6.4 upande wa pili. Ripretinibu, inayotolewa baada ya dawa tatu kushindwa, ilijaribiwa kwa wagonjwa 129 kwa mgawanyo uleule: miezi 6.3 dhidi ya 1.0. Katika majaribio yote mawili aliyekuwa kwenye kidonge kitupu aliruhusiwa kuhamia kwenye dawa pale ugonjwa ulipokua. Hilo la kuhamia ndilo la kutafuta kwenye fomu ya ridhaa, tena liulizwe kwa maneno makavu: nikikutwa na kidonge kitupu na uvimbe ukakua, nahamishwa baada ya siku ngapi, na nani anaamua? Mwezi mmoja bila dawa kwa mtu mwenye ini lililojaa si kitu kidogo. Kama fomu haina kifungu cha kuhamia, na kuna dawa iliyosajiliwa ambayo mgonjwa hajaitumia na anaweza kuipata, kukataa ni jibu halali kabisa.

Inasadifu kwamba tamko la kimataifa la maadili ya utafiti kwa binadamu lilipitishwa mji huohuo wa Helsinki, mwaka 1964. Matoleo yake ya karibuni yanataka mpango wa kuwapatia washiriki dawa iliyowafaa baada ya jaribio kuisha uwe umeandikwa kabla ya kuanza. Aya hiyo nayo itafutwe kwenye fomu. Ikisema tu kwamba dawa itatolewa hadi mwisho wa utafiti, basi utafiti ukifungwa mgonjwa anarudi kwenye mfuko wake mwenyewe.

Kingine kinachowatoa watu kwenye jaribio kimakosa ni kusoma vibaya picha. GIST inayokufa kwa dawa haisinyai mara moja. Huanza kujaa maji, ikawa nyeusi kwenye CT, na wakati mwingine hunenepa kidogo. Vivimbe vya ini ambavyo havikuonekana mwanzo, kwa kuwa vilifanana rangi na ini, sasa hujitokeza kama madoa meusi na kusomwa kuwa ni vipya. Daktari wa picha asiyejua GIST ataandika "ugonjwa umeendelea", dawa ikasimamishwa siku ileile inapoanza kufanya kazi. Vigezo vya Choi, vilivyochapishwa mwaka 2007, vinahesabu dawa kuwa inafanya kazi ikiwa urefu wa uvimbe umepungua kwa asilimia 10 au weusi umeongezeka, yaani msongamano kwenye CT umeshuka kwa asilimia 15. Dalili ya kweli ya usugu mara nyingi ni kinundu kidogo king'aacho kinachoota ndani ya uvimbe uliokwisha kuwa mweusi. CT ifanywe kwa dawa ya rangi ya mshipani, awamu zilezile, na CD za picha za nyuma ziende pamoja na mgonjwa. Ripoti bila picha haitoshi.

Dawa ikishika, isiachwe. Wafaransa walilipima jambo hili katika jaribio la BFR14: wagonjwa ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulia baada ya mwaka mmoja wa imatinibu waligawanywa, wengine waache, wengine waendelee. Kati ya 32 walioacha, 26 ugonjwa ulikua. Kati ya 26 walioendelea, ni 8. Waliorudishiwa dawa wengi walidhibitiwa tena, lakini wanaoruka siku kwa sababu sanduku limeisha hawako chini ya uangalizi wa jaribio. Kwa aliyetolewa uvimbe wote na yuko kwenye hatari kubwa ya kurudiwa, muda wa kumeza ni miaka mitatu, kufuatana na jaribio la SSGXVIII ambalo Joensuu huyohuyo aliliongoza: baada ya miaka mitano asilimia 92 ya waliomeza miaka mitatu walikuwa hai, dhidi ya karibu 82 ya waliomeza mwaka mmoja.

Imatinibu humezwa pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji. Ikimezwa tumbo tupu hutapisha. Kuvimba kuzunguka macho asubuhi, misuli ya miguu kukaza usiku, kuharisha na upungufu wa damu ni vya kawaida na havimaanishi kuacha. Hatari kubwa zaidi Afrika Mashariki iko kwenye dawa nyingine. Rifampisini ya kifua kikuu hushusha kiwango cha imatinibu mwilini kwa asilimia 74 hivi, kiasi kwamba mgonjwa ni kama hamezi. Efavirensi kwenye ARV nayo inaweza kukishusha. Ketokonazoli ya fangasi hukipandisha. Dawa za mitishamba zisizojulikana zilivyo haziwezi hata kukadiriwa, na majaribio mengi humwondoa anayezitumia. Anayeanzishiwa dawa za kifua kikuu amweleze daktari wa saratani kabla ya kidonge cha kwanza, si baada ya CT mbaya.

Kuhusu upatikanaji, imatinibu imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2015, kwa CML na kwa GIST, na dawa zisizo za Glivec, chapa asili ya Novartis, zipo. Kabla ya hapo wagonjwa wengi wa Kenya waliipata bure kupitia mpango wa msaada wa GIPAP wa Novartis na shirika la Max Foundation, ambao nao ulidai uthibitisho wa patholojia kabla ya kutoa hata sanduku moja: GIST ilipaswa kuwa imeonyesha KIT. Sharti la msaada na sharti la jaribio yalikuwa yaleyale.

Majaribio yanayoendelea huorodheshwa kwenye ClinicalTrials.gov na, kwa bara letu, kwenye rejista ya PACTR. Jaribio linalofanyika Tanzania lazima liwe na kibali cha maadili cha kitaifa kupitia NIMR na cha TMDA kwa upande wa dawa. Kenya, moja ya vibali ni cha Pharmacy and Poisons Board. Mtu akiahidi jaribio lisilo na namba ya rejista, au akadai malipo ili kumwingiza mgonjwa, huyo anauza kitu kingine. Kwa anayelenga jaribio la nje, hesabu ya siku ndiyo hukwamisha: mara nyingi CT na vipimo vya damu visizidi siku 28 kabla ya dozi ya kwanza, na dawa ya zamani iwe imeachwa kama wiki mbili. Viza ikichukua wiki sita, CT inafanywa upya kule. Kwa hiyo CT isikimbiliwe. Ombi la bloku ndilo liende kwanza, likiwa na namba ya bloku, tarehe ya upasuaji, na sahihi ya daktari anayeomba, kwani kuitafuta kwenye kabati la patholojia peke yake kunaweza kula wiki mbili.